Balbu ya saa elfu moja

 

Juma lililopita balbu ya LED ya jikoni ilizimika. Nina tabia ya kuandika tarehe kwenye shingo ya kila balbu ninapoifunga (mke wangu hunicheka), kwa hiyo najua ilidumu miezi 14. Saa tano kila siku, hiyo ni kama saa 2,100. Boksi liliahidi 15,000!

Nikataka kuwaandikia lalamiko langu la siku zote: tunaibiwa, kaangalieni Phoebus. Lakini nilipoifuatilia historia yenyewe niligundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiisimulia nusu.

Nusu ninayoijua ni hii. Desemba 1924, watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva, Uswisi. Walikuwemo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, Compagnie des Lampes ya Ufaransa na washirika wa General Electric ya Marekani. Waligawana masoko ya dunia, na wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani idumu saa 1,000. Wakati huo nyingi zilikuwa zikifika 1,500 hadi 2,000. Viwanda vilipeleka sampuli kwenye maabara Uswisi, na ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi alitozwa faini. Ndiyo, faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu! Muungano huo ulisambaratika vita vilipoanza mwaka 1939.

Sasa nusu ya pili. Balbu ya zamani ni uzi wa tungsteni uliopashwa moto hadi ukang'aa. Ukiupasha zaidi, unapata mwanga mwingi kwa kila wati, lakini tungsteni inageuka mvuke upesi, uzi unakonda, siku moja unakatika. Ukiupasha kidogo unadumu, ila unakupa joto na mwanga wa kinyonge. Ukipunguza volti kwa asilimia 5 tu, balbu inadumu karibu maradufu, na mwanga unapungua kama asilimia 16 huku stima inayoliwa ikipungua asilimia 8 hivi. Yaani kila shilingi ya stima inanunua mwanga mchache zaidi. Na kinyume chake ni kweli pia: pale volti zinapopanda kidogo juu ya zile 240 zetu, balbu za uzi hufa kama nzi.

Piga hesabu. Balbu ya wati 60 kwa saa 1,000 inakula yuniti 60 za stima. Bei ya balbu yenyewe si kitu mbele ya hizo yuniti. Ndiyo maana tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara hii ilisema mwaka 1951 kwamba saa 1,000 ni wastani wa busara kati ya mwanga na maisha. Mimi nasema walikuwa wezi waliochagua namba isiyo mbaya. Kama ilikuwa nzuri hivyo, faini za nini?

Wengi hapa watanitajia ile balbu ya Livermore, California, inayowaka katika kituo cha wazima moto tangu 1901. Ni kweli inawaka. Lakini uzi wake ni wa kaboni, haizimwi-zimwi, na siku hizi inatumia kama wati 4 tu. Huwezi kusomea chini yake. (Mwaka 2013 ilizimika na watu wakaanza kuomboleza. Kumbe balbu ilikuwa nzima, UPS ndiyo iliyokufa! Sisi wa tarakilishi tunaielewa hadithi hiyo.)

Turudi jikoni kwangu. Namba iliyo kwenye boksi la LED haipimi kitu kile kile. Kwa balbu ya uzi, saa 1,000 ni wastani wa muda hadi uzi ukatike. Kwa LED, kwa kawaida ni muda hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na hiyo ni habari ya vile vidoa vya njano vinavyotoa mwanga. Haisemi mengi kuhusu saketi iliyo shingoni.

Nikaifungua ile iliyokufa. Vidoa vizima, lakini kapasita imevimba kama andazi. Kapasita za aina hiyo maisha yake hupungua kwa nusu hivi kila joto linapopanda nyuzi 10, na mimi niliifunga ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa, juu ya jiko la gesi. Mwenye duka hakuniambia, boksi nalo lilikuwa limeandika onyo kwa maandishi ya kuhitaji darubini.

Hata hivyo, kwa zile saa 2,100 ilikula yuniti 19 hivi, mahali ambapo balbu ya uzi yenye mwanga sawa ingekula 126. Nimefunga nyingine ya wati 9. Kifuniko nimekiondoa, tarehe nimeandika. Ninyi zenu zimedumu muda gani? Niambieni, hasa mlio na zile za mirija iliyopindwa ambazo bado hazijafa.