Magwanda Yale Yale

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akatupa macho nje ya dirisha akaona uso mwingine wa namna ile ile. Mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya maili 10,000, akiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Wengine huanza historia ya saratani za chembe za kinga kwenye maabara za Ulaya. Mimi naianzia kwenye dirisha lile la Jinja.

Saratani ile, iitwayo ya Burkitt, ni ya chembe za kinga za aina ya B, na ilisikia dawa mapema. Saratani za aina nyingine, chembe T, ni kaidi. Wajapani walieleza leukemia ya chembe T ya watu wazima mwaka 1977; mwaka 1980 Wamarekani wakatangaza virusi vya HTLV-1 vinavyoileta, navyo vimo hata katika damu ya watu wa Kongo yetu. Wengi walio navyo hawaugui kamwe.

Chembe T zilizofinyangwa upya ziwinde saratani ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017, ila dhidi ya chembe B. Kwa nini si T? Mtu wa hapa Lemera, mlimani Kongo, haelezwi mara mbili: mwasi na askari mwema wamevaa magwanda yale yale. Chembe inayotumwa kuwinda alama ya CD7, iliyo juu ya chembe T wagonjwa na wazima, huua wenzake kabla ya kumfikia adui. Mei 2022, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, Waseem Qasim na wenzake walichukua chembe T za mtu mwenye afya, wakazivua alama hiyo kwa kubadili herufi moja moja ya jeni, wakazitia mwilini mwa msichana wa miaka 13 mwenye saratani ya chembe T. Baada ya siku 28 saratani haikuonekana, akapandikizwa uboho.

Na Lemera? Hospitali yake, iliyojengwa na wamisionari wa Sweden, ambako Denis mwingine, Mukwege, alikuwa mganga mkuu, ilivamiwa tarehe 6 Oktoba 1996. Waliuawa watu zaidi ya 30, wengi wao wagonjwa.

Kwa hiyo mlimani hapa, mbali na tiba ya London, naanza na kinga: maziwa ya mama. HTLV-1 hupita kwa kunyonyesha. Nagasaki ilianza kuwapima wajawazito mwaka 1987, aliye navyo akashauriwa ajiepushe na kunyonyesha. Ushauri huo hauhamishiki hivi hivi: kule chini Uvira kipindupindu huondoka na kurudi, na maziwa ya kopo hudai maji safi kwanza.