Kumumunya
Mchana wa jua kali Morogoro, Milima ya Uluguru imejitokeza bila wingu, dada muuza ukwaju alinikorogea sukari kwenye glasi, akatumbukiza na kipande cha barafu. "Subiri kaka, iyeyuke kwanza." Ipi? Mtaani zote mbili huyeyuka. Kwa mkemia, hapana.

Barafu huyeyuka kwa joto, hata ikiwa peke yake juu ya sahani. Sukari haikuyeyushwa na joto la ukwaju, ilizingirwa na maji. Molekuli ya maji ina upande wa oksijeni wenye chaji hasi kidogo, na wa haidrojeni wenye chaji chanya kidogo. Molekuli hizo huizunguka sukari na kuibandua, molekuli moja moja. Chumvi hutengana na kuwa ayoni, chembe zenye chaji, lakini molekuli ya sukari hubaki nzima. Ndivyo na glukosi, sukari ya damu, inavyosafiri mwilini.

Kwa tendo hili la maji, watunga istilahi walilichukua neno kinywani mwa bibi asiye na meno: kumumunya. Pipi haitafunwi, inazungukwa na mate mpaka iishe. Hapo tukapata mmumunyo, yaani mchanganyiko wenyewe, na pia kimumunyishi, yaani kinachomumunyisha, ambacho ndani ya seli ni maji. Nalipenda neno hili, maana maji nayo hayana meno, ila yanayoteremka Uluguru hadi Mto Ruvu hufika yamebeba madini ya miamba.

Ila bado sijamsikia mteja akilalamika kwamba sukari haijamumunyika.