Kirore, Gituamba na kanisa lililozaliwa nje ya misheni

Mwaka 2029 mzozo wa kirore utatimiza miaka 100, na historia ya makanisa ya Nyeri bado inasimuliwa kama kazi ya wamisionari peke yao. Sura hiyo inajulikana: Wakonsolata walipiga kambi Tuthu kwa chifu Karuri wa Gakure mwaka 1902, Waskoti wakaanzisha Tumutumu karibu na Karatina, Waanglikana wakashika Murang'a na Embu, Wamethodisti wakaenda Meru.

Machi 1929, mkutano wa Waprotestanti ulioketi Tumutumu uliazimia kumtia adabu ya kanisa yeyote atakayekubali tohara ya wasichana. Baadaye mmisionari Dkt. John Arthur wa Thogoto aliwataka waumini watie kirore, yaani alama ya dole gumba, wakiikana tohara hiyo pamoja na chama cha KCA (Kikuyu Central Association). Kuhusu ukeketaji misheni haikukosea. Sheria ya Kenya ya 2011 inasema vivyo hivyo. Lakini KCA kilikuwa kikidai ardhi. Watu waliona dini imetumwa kufanya kazi ya serikali, wakaimba Muthirigu hadi ngoma hiyo ikapigwa marufuku mapema 1930. Wakatoliki hawakudai kirore.

Waliotoka kwenye misheni walijenga shule zao: KISA (Kikuyu Independent Schools Association) ikaenea Murang'a na Nyeri, Karing'a (Kikuyu Karing'a Educational Association) ikashika Kiambu. Walimu walipatikana, ila kasisi hakuwepo. Nani angewabatiza watoto? F. B. Welbourn, ambaye kitabu chake cha 1961 ndicho ninachokifuata hapa, anaeleza kuwa KISA ilimwendea kwanza Askofu wa Kianglikana wa Mombasa, ikayaona masharti yake mazito. Ndipo James Beuttah wa KCA, aliyekutana Mombasa na Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini, akafungua mlango mwingine. Kanisa la Alexander, African Orthodox, lilianzishwa New York mwaka 1921 na George McGuire, mfuasi wa Marcus Garvey.

Alexander aliwasili mwishoni mwa 1935, akafundisha vijana wachache Gituamba, Murang'a, na mwaka 1937 akawapa daraja takatifu. Hata vumbi la safari yake ya kurudi halijatulia, wanafunzi wake wakagawanyika. Wa KISA walitaka kanisa la Waafrika lisilo na bwana ng'ambo, nao wakaunda lile ambalo leo ni AIPCA (African Independent Pentecostal Church of Africa). Arthur Gathuna wa Karing'a alishikilia jina la Orthodox, na mwaka 1946 kanisa lake likapokelewa na Patriaki wa Alexandria.

Hali ya Hatari ya 1952 ilizifunga shule hizo. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus alikuja akabatiza maelfu katika Kanisa la Orthodox, Nyeri ikiwemo. AIPCA nayo imerudi kwenye kurasa za magazeti kwa kesi za kugombea uongozi, na mara chache sana habari hizo hutaja kwamba makasisi wake wa kwanza walifunzwa Gituamba, na Alexander, mtu aliyetoka Kimberley, Afrika Kusini.