Ndugu wa adui ndiye aliyeokoa miche

Mche wa mpichi unaweza kuonekana mzima kabisa hadi siku ya kung'olewa kitaluni. Hapo ndipo mwenye kitalu anapokuta nundu gumu pale shina linapokutana na mizizi. Mche wa namna hiyo hauuziki. Waridi, milozi na mizabibu nayo haisalimiki.

Mwaka 1907 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Erwin Smith na C. O. Townsend, walionyesha kwamba nundu hilo huletwa na bakteria wa udongoni, ambaye baadaye aliitwa Agrobacterium tumefaciens. Kumjua hakukuleta dawa. Mwaka 1977 kundi la Mary-Dell Chilton huko Seattle lilithibitisha kwamba bakteria huyu huingiza kipande cha jeni zake ndani ya seli za mmea. Hata ukimuua, nundu linaendelea kukua lenyewe. Kwa hiyo njia pekee ni kumzuia asiingie.

Wakati huo kizuizi kilikuwa kimeshapatikana Adelaide, Australia. Allen Kerr, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Waite, alichunguza udongo wa chini ya miti na kukuta kwamba kando ya bakteria mharibifu wanaishi jamaa zake wasio na madhara. Penye miti mizima, hao wapole walikuwa wengi zaidi. Mmoja wao, aliyetoka kwenye udongo wa mpichi, akapewa jina la K84. Matumizi yake hayakuhitaji mitambo: unachovya mbegu au mizizi ya miche katika maji yenye bakteria hao, kisha unapanda. Kuanzia 1973 wenye vitalu wakawa wanamnunua.

Siri yake ni ujanja mtupu. Mharibifu huilazimisha seli ya mmea imtengenezee chakula ambacho viumbe wengi hawawezi kukitumia, naye ana mlango maalumu wa kukipokea. K84 hutoa sumu inayofanana na chakula hicho. Mlafi anaifungulia mlango mwenyewe, na inamuua.

Lakini jeni za sumu hiyo, pamoja na kinga yake, ziko kwenye duara dogo la DNA ambalo bakteria huweza kupeana. Mharibifu akilipata, dawa haimuwezi tena. Kerr na wenzake wakakata sehemu inayowezesha duara hilo kuhama, na mwishoni mwa miaka ya 1980 K84 huyo aliyebadilishwa, aliyeitwa K1026, akaanza kuuzwa Australia. Alikuwa miongoni mwa viumbe wa kwanza duniani waliobadilishwa jeni kuruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kulinda mimea. Wanaohofia kila kinachoguswa jeni wangefaa kukitazama kisa hiki kwa utulivu: hapa hakikuongezwa kitu, kilipunguzwa, tena ili dawa iendelee kufanya kazi. Mwaka 1990 Kerr alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Australia ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

K84 hawezi kila kitu. Aina nyingi za bakteria wanaoshambulia mizabibu hazina mlango ule, basi sumu haiziingii. Na kwa mkulima wa waridi au matunda, wakati wa kumtumia ni kabla ya kupanda. Mche ulioota nundu haumfai tena. Aung'oe na kuuchoma.