Pono wa Karibi na kazi yake
Sisi Wapwani twamjua pono kwa usingizi wake na kwa mchuzi. Kwenye bahari ya Karibi watafiti wamemjua kwa meno. Mdomo wake hukwangua mwani mwambani, na tumbawe changa hupata pahala pa kushika.

Alikuwa na msaidizi: kiumbe mweusi wa miiba mirefu, jamaa ya hawa wanaotuchoma miguu huku. Mwaka 1983 yakazuka maradhi, yakaonekana kwanza Panama, na kufikia 1984 zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa wamekufa. Jamaika ndiko kulikoumia. Kimbunga cha 1980 kilishavunja miamba, na malema yalikuwa yameshamaliza pono wakubwa, basi mwani ukatanda. Matumbawe yaliyofunika nusu hivi ya miamba miaka ya 1970 yakabaki chini ya asilimia 5 mapema miaka ya 1990.

Belize ilipiga marufuku kuvua pono mwaka 2009. Kwetu marufuku kama hiyo ingemtia njaa mvuvi wa lema asiye na chombo cha kufika maji makuu, wala siitaki. Lakini pono wa shubiri moja sokoni, siku hizi namuuliza bei kisha napita.