Masaka ya Kigali: kilima kilichozungukwa na mipaka inayohama

Masaka ni mojawapo ya sekta kumi za Wilaya ya Kicukiro, pembezoni mwa Jiji la Kigali upande wa mashariki. Isichanganywe na mji wa Masaka ulioko Uganda. Sekta hii ina seli sita: Ayabaraya, Cyimo, Gako, Gitaraga, Mbabe na Rusheshe. Kaskazini inapakana na Rusororo ya Wilaya ya Gasabo, mashariki na Wilaya ya Rwamagana, na kusini bonde la Mto Nyabarongo huitenga na Wilaya ya Bugesera.

Kuwa pembezoni si jambo jipya kwa Masaka. Kilima hiki kimo katika eneo la kale la Bwanacyambwe, ambalo simulizi za Rwanda hulitaja kuwa miongoni mwa maeneo ya awali kutwaliwa na ufalme uliochipuka Gasabo, karibu na Ziwa Muhazi. Mashariki yake ulikuwapo ufalme wa Gisaka, uliotawaliwa na ukoo wa Abagesera. Ng'ambo ya Nyabarongo ulikuwapo ufalme wa Bugesera, chini ya Abahondogo. Bugesera iligawanywa kati ya Rwanda na Burundi mwishoni mwa karne ya 18. Gisaka ilidumu hadi katikati ya karne ya 19, ilipotwaliwa katika enzi ya Mwami Mutara II Rwogera. Kwa vizazi vingi, basi, wakazi wa eneo hili waliishi jirani na falme mbili za kigeni.

Hata hivyo, si sahihi kuufikiria mpaka wa zama hizo kama mstari uliochorwa kwenye ramani. Katika sehemu nyingi za Rwanda, eneo moja liliweza kuwa na watemi watatu: mmoja wa ardhi na mazao, mwingine wa malisho na ng'ombe, wa tatu wa jeshi. Mkulima aliyebanwa na mmoja aliweza kukimbilia kwa mwingine. Utawala wa Kibelgiji uliufuta utaratibu huo kuanzia mwaka 1926 na kuuweka mamlaka yote mikononi mwa mtemi mmoja. Mpaka ukawa wazi zaidi, na njia ya kukimbilia ikazibwa.

Kabla ya hapo, mpaka mwingine ulikuwa umepita mashariki ya Masaka. Kwa mapatano ya Uingereza na Ubelgiji ya mwaka 1919, Gisaka ilipangwa kuunganishwa na Tanganyika, kwa kuwa Waingereza walitaka njia ya reli kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Yuhi Musinga na wamisionari wa Kikatoliki walipinga, na Gisaka ikarudishwa Rwanda mwishoni mwa mwaka 1923.

Mwaka 1960 machifu wadogo waliondolewa na komuni 229 zikaundwa. Masaka ikawa chini ya Komuni ya Kanombe, katika Kigali Vijijini, ingawa jiji lenyewe, lililoasisiwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, lilikuwa likiisogelea.

Jina la Masaka lilivuka bahari kwa sababu ya msiba. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kanombe, na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mwaka 2006 jaji Mfaransa Jean-Louis Bruguière alidai kwamba makombora yalirushwa kutoka Masaka. Ripoti ya wataalamu iliyokabidhiwa majaji wenzake waliomfuata, mwaka 2012, ilielekeza kwenye kambi ya kijeshi ya Kanombe. Umbali wa kilomita chache kati ya vilima viwili ukawa hoja nzito mahakamani, kwa kuwa kambi hiyo ilikuwa ya jeshi la serikali ya wakati huo.

Mipaka ya sasa ilitokana na mageuzi ya mwaka 2006, yaliyopunguza wilaya za nchi kutoka 106 hadi 30 na sekta kutoka 1,545 hadi 416. Masaka iliwekwa Kicukiro; Kabuga, kituo cha biashara kilicho jirani, kikaangukia Gasabo. Majirani wanaouziana bidhaa katika soko moja wakajikuta na ofisi mbili tofauti za wilaya.

Kuwa ndani ya jiji kuna uzito wake. Matumizi ya kila kiwanja huamuliwa na mpango mkuu wa Kigali: mahali pa kujenga, pa kulima na pasipoguswa, hasa mabonde. Mwenye shamba hapati kibali cha ujenzi nje ya mpango huo, hata kama ardhi ni ya urithi. Mwaka 2019 sheria mpya iliziondolea wilaya tatu za Kigali hadhi ya kujitegemea kisheria, na maamuzi makubwa yakahamia ngazi ya jiji.

Wakati huohuo, jiji linahamia Masaka. Hospitali ya wilaya iliyojengwa kwa msaada wa China imekuwa ikipanuliwa ili kuipokea hospitali kuu ya rufaa ya CHUK, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Nyarugenge, katikati ya mji.