Msimu wa Washington Capitals, 1974–75

Msimu wa 1974–75 ulikuwa wa kwanza kwa Washington Capitals, timu ya Marekani ya hoki ya barafuni, katika ligi kuu ya NHL. Ndio msimu mbovu kuliko yote katika historia ya ligi hiyo kwa uwiano wa pointi. Katika michezo 80 timu ilishinda 8, ikatoka sare 5 na kufungwa 67, ikaambulia pointi 21. Ilifunga mabao 181 na kuruhusu 446, yaani zaidi ya matano kila mchezo.

Lawama haziwaangukii wachezaji peke yao. Tangu 1967 ligi ilikuwa imepanuka kutoka timu 6 hadi 18, na ligi pinzani ya WHA, iliyoanza 1972, nayo ilikuwa ikigombea wachezaji walewale. Timu changa ikabaki kuokota makombo.

Makocha walikuwa watatu: Jim Anderson, Red Sullivan, kisha Milt Schmidt, meneja mkuu aliyelazimika kuibeba timu mwenyewe. Ugenini hali ilitisha: vipigo 37 mfululizo, hadi Machi 28, 1975, walipoifunga California Golden Seals 5–3. Wachezaji walishangilia kwa kulibeba pipa la taka kana kwamba ni Kombe la Stanley, kombe la mabingwa wa NHL. Ushindi huo ulibaki pekee kati ya michezo 40 ya ugenini.

Kombe lenyewe Capitals walilitwaa mwaka 2018.